Redio Kukatika: Kutoka Masafa Mafupi Mpaka Bando la Mkolani

Nimekuwa kimya kwa sababu ya test, si mnajua mambo ya chuo, zinakuja tatu kwa wiki moja zimefuatana kama daladala za Nyegezi. Leo nimepata nafasi ya kupumua na nataka tuongee historia, ila ni historia ya kitu kinachotukera wote huku Mkolani: redio ya kwenye mtandao kukatikakatika. Unasikiliza mpira, mtangazaji anapandisha sauti, mshambuliaji yuko ndani ya kumi na nane... halafu kimya. Kale kaduara kanazunguka. Kakimaliza kuzunguka, jirani mwenye redio ya kawaida ameshashangilia zamani.

Wengi wetu tunasema "mtandao mbovu" tunaishia hapo. Mimi naona jibu hilo ni fupi mno. Redio imekuwa ikikatika tangu ilipozaliwa. Kilichobadilika ni mahali inapokatikia, na nani anayeumia ikikatika. Ukiijua historia hiyo utajua pa kutafuta tatizo. Na kwa sisi tunaokwenda kuwa walimu kuna faida ya pili: utajua namna ya kupanga somo ambalo halifi sauti inapopotea. Huko ndiko ninakoelekea, kwa hiyo mnivumilie.

ENZI ZA MASAFA MAFUPI

Tanganyika ilipata kituo chake cha redio mwaka 1951, pale Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 shughuli zikawa chini ya serikali moja kwa moja, ndiyo ile Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo wazazi wetu wakiitaja huwa wanatabasamu. Nje ya nchi nako walikuwapo waliotusemesha kwa lugha yetu: Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, na ya Deutsche Welle ikaanza 1963.

Sasa fikiria mtu wa Ukerewe au Sengerema enzi hizo anataka kusikia kilichosemwa Dar au London. Chombo kilichoweza kumfikishia ni masafa mafupi. Mawimbi haya hupaa juu, yakakutana na tabaka la anga lenye chembe za umeme, kilomita mia na zaidi kutoka ardhini, yakapinda na kurudi chini mbali sana. Ni kama kurusha mpira ukutani ili umfikie mtu aliye upande wa pili wa kona. Tatizo ni kwamba ukuta wenyewe hautulii. Jua likizama tabaka linabadilika. Wakati mwingine wimbi lile lile linafika kwa njia mbili, moja ndefu na nyingine fupi, yakikutana yanauana au yanaongezana nguvu. Ndiyo maana sauti ya masafa mafupi inakuja na kuondoka kama mtu anayeongea huku anafungua na kufunga mlango.

Wasikilizaji hawakukaa kimya wakalalamika. Walifunga waya mrefu kutoka kwenye redio mpaka juu ya mti au kwenye bati la nyumba. Walijua saa ipi kituo kipi kinasikika, na kikipotea hapa wanakitafuta kwenye mita nyingine, kwa sababu vituo vikubwa vilirusha kipindi kimoja kwenye masafa zaidi ya moja. Betri zikichoka zilianikwa juani, zikapata uhai wa siku mbili tatu. Jamani, huo nao ni ufundi! Hawakuwa na neno la kitaalamu, ila walikuwa wanafanya kile kile fundi wa mtandao anachofanya leo: kubadilisha kitu kimoja kimoja mpaka ujue kosa liko wapi.

Na watangazaji nao walisogea karibu. Deutsche Welle waliweka mitambo Kigali miaka ya 1960, ikawa inarushia Afrika mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Kigali na Mwanza si mbali. Kwa hiyo msikilizaji wa Kanda ya Ziwa aliyekuwa akisikiliza Ujerumani mara nyingi alikuwa akipokea mawimbi ya jirani. Hilo likumbukeni, kwa sababu kwenye intaneti tumeligeuza kinyume, nitalieleza mbele.

FM NA MAWE YETU

Sheria ya huduma za utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango wa redio binafsi. Radio One ikaanza Dar es Salaam mwaka 1994, na huku kwetu katikati ya miaka hiyo ya 1990 ikazaliwa Radio Free Africa, ya hapa hapa Mwanza. RFA haikutegemea FM peke yake, ilirusha pia masafa ya kati, kilohezi 1377, na masafa ya kati usiku husafiri mbali sana. Ndiyo maana hata watu wa ng'ambo ya ziwa waliizoea.

FM ni nyingine kabisa. Sauti ni safi, lakini mawimbi yake yanakwenda karibu kama mwanga: kikitokea kilima, kivuli. Na mji huu jamani umejengwa juu ya mawe na kati ya mawe. Kuna nyumba mbili zinatazamana, moja inapata kituo vizuri, nyingine inapata mkwaruzo, kwa sababu jabali limekaa katikati. Dawa yake kila mtu anaijua: sogeza redio dirishani, panda juu kidogo, geuza antena.

Angalia kitu kimoja hapa. Redio ya zamani ikizidiwa ilikuwa inaharibika polepole. Mkwaruzo, sauti hafifu, lakini maneno mawili matatu unayapata, akili inajaza mengine. Redio ya mtandaoni haijui kuharibika polepole. Ama ni safi kabisa, ama ni kimya kabisa. Nadhani hilo ndilo linalotukera zaidi, na lina sababu yake.

REDIO INAINGIA KWENYE WAYA

Mwaka 1993 Mmarekani mmoja, Carl Malamud, alianza kuweka vipindi vya mazungumzo kwenye intaneti. Havikuwa vya moja kwa moja, ulipakua faili ndipo usikilize. Novemba 1994 redio ya wanafunzi wa chuo kikuu kule North Carolina, WXYC, ikarusha matangazo yake ya kawaida kwenye intaneti moja kwa moja. Mwaka 1995 ikaja RealAudio, iliyotengenezwa ili hata mwenye modemu ya pole pole kabisa apate sauti. Mwezi Septemba mwaka huo walirusha mechi ya baseball ya Seattle na New York. Mwishoni mwa muongo huo wakaja Winamp na SHOUTcast, na hapo hata mwanafunzi mwenye kompyuta moja bwenini akaweza kuwa na kituo chake.

Watu hao walijua mapema kwamba intaneti haipeleki sauti kama mto unavyopeleka maji. Inaikatakata vipande vidogo vidogo, kila kipande kinatafuta njia yake. Vingine vinachelewa, vingine vinapotea njiani. Njia nyingi za kurushia redio hutumia utaratibu wa kudai upya kipande kilichopotea, na hakichezwi kinachofuata mpaka kilichopotea kiwe kimefika. Kwa hiyo huwezi kupata mkwaruzo. Unapata sauti nzima, au unasubiri.

Ili usisubiri kila mara, programu inaweka akiba. Inapokea sekunde kadhaa kabla ya kuanza kupiga, na inaendelea kujaza huku ikicheza. Ni kama ghala la mahindi: mvua ikichelewa wiki moja mnakula cha ghalani. Lakini ghala halimwokoi mtu ambaye kila mwaka anavuna pungufu ya anachokula, na hesabu yake ndiyo hii.

Kituo kinarusha kilobiti 128 kwa sekunde. Simu yako inapata kilobiti 100 kwa sekunde. Una akiba ya sekunde 30, yaani kilobiti 3,840. Kila sekunde unatoa 128 unaingiza 100, unapungukiwa 28. Gawanya 3,840 kwa 28, unapata sekunde 137. Dakika mbili na kitu, ghala tupu, kaduara. Ukiongeza akiba mara mbili utasikiliza kama dakika nne na nusu, halafu yale yale. Lakini kituo hicho hicho kikiwa na mkondo wa kilobiti 64, mtandao ule ule unakutosha na chenji inabaki.

Hata bando linapumua. Kilobiti 128 kwa saa moja ni kama megabaiti 58. Kilobiti 64 ni kama 29. Kilobiti 32, ambazo kwa mazungumzo ya kawaida zinatosha, ni kama 14. Kwa mwanafunzi ambaye bumu halijaingia, tofauti hiyo si ndogo hata kidogo.

SATELAITI, MKONGO NA NANGA

Huku Afrika Mashariki hadithi ilikuwa na uzito wake. Mpaka mwaka 2009 intaneti yetu ya kimataifa ilitegemea sana satelaiti, zile zinazokaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Kipande cha sauti kinapanda huko, kinashuka, jibu nalo linapanda na kushuka, nusu sekunde au zaidi imeshapita. Na bei ilikuwa haishikiki. Kwenye intaneti kafe za miaka ile ukifungua redio ya mtandaoni unawaumiza watu wote mle ndani.

Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukawashwa rasmi, wenye urefu wa kilomita zipatazo 17,000, ukitua Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko. Mwaka huo huo ukaja TEAMS wa Mombasa, na 2010 ukafuata EASSy. Serikali nayo ilikuwa inajenga Mkongo wa Taifa kuelekea mikoani. Ndipo redio ya mtandaoni ikaanza kuwa kitu cha mtu wa kawaida, na vituo vyetu vikaanza kusikika Muscat, London na Minneapolis kwa ndugu zetu waliohama.

Lakini mkongo nao ni waya, na waya hukatika. Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na Mombasa wakati mikongo mingine ilikuwa tayari imejeruhiwa Bahari ya Shamu. Mapema 2024 mikongo kadhaa ikakatika tena Bahari ya Shamu, SEACOM ukiwamo, na inaaminika ilikuwa nanga ya meli Rubymar iliyopigwa kombora na Wahouthi. Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy vikapata hitilafu kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana siku ile.

Sasa lile la Kigali. Vituo vyetu vingi vinakodi seva Ulaya au Marekani kwa sababu ni rahisi. Maana yake sauti inatoka studio ya mjini Mwanza, inasafiri mpaka Dar, inaingia baharini, inafika huko, inageuza, inarudi njia hiyo hiyo mpaka kwenye simu ya mtu aliyeko Mkolani, kilomita kama kumi kutoka studio. Zamani mtangazaji wa mbali alileta mitambo karibu na msikilizaji. Leo mtangazaji wa karibu anapeleka sauti mbali kwanza. Nanga ikivuta waya Bahari ya Shamu, jirani anashindwa kumsikia jirani.

Kuna kukatika kwingine ambako si kwa nanga. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikataka wenye blogu na redio za mtandaoni wajisajili na kulipa, na gharama za mwanzo zilifika kama shilingi milioni mbili na laki moja. Kanuni zilibadilishwa baadaye, lakini wapo waliozima mitambo yao wakati ule. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapo huna cha kubonyeza. Naliandika kwa sababu ni sehemu ya historia hii: mnara wa FM uko kijijini kwako, lakini bomba la intaneti lina milango michache, na kila mlango una mwenye ufunguo.

SASA IKIKATIKA UFANYE NINI

Haya wadau, tushuke kwenye vitendo. Redio ikikatika usianze kuzima na kuwasha simu. Sikiliza inavyokatika.

Kama inacheza kidogo, inasimama, inacheza kidogo, inasimama, hiyo ni hesabu ya ghala. Mtandao wako ni mdogo kuliko mkondo. Tafuta mkondo mwepesi zaidi wa kituo hicho, au sogea. Mkolani ina vilima, hatua ishirini zinaweza kukutoa kwenye kivuli cha jiwe.

Kama kaduara hakapo, dakika zinahesabika lakini ni kimya, mtandao wako mzima. Tatizo liko studio: pengine umeme umekatika, au kompyuta inayorusha imekosa sauti. Unapoteza muda kuhangaika na simu.

Kama inakatika kila ukifunga kioo cha simu, mchawi ni mpango wa kuokoa betri. Nenda kwenye mipangilio, iruhusu programu ya redio ifanye kazi hata kioo kikiwa kimezimwa.

Kama inakatika ukitoka kwenye waifai ya chuo kuingia kwenye laini yako, hilo ni la asili yake. Mikondo ya mtindo wa SHOUTcast ni muunganisho mmoja mrefu. Ukibadili mtandao, uzi umekatika, lazima uunganishe upya. Ule utaratibu ulioletwa na Apple mwaka 2009, HLS, hukata sauti kuwa vifaili vya sekunde chache, na programu inaviomba kimoja kimoja. Huo huvuka vizuri zaidi, na kituo kikiandaa mikondo ya uzito tofauti, hupunguza ubora wenyewe badala ya kukwama. Ila akiba yake ni ndefu, kwa hiyo goli utalisikia baada ya jirani. Hakuna namna.

Kama vituo vyote vinakwama, jaribu tovuti inayohifadhiwa hapa nchini. Ikifunguka haraka huku za nje zimelala, shida iko mbali, pengine baharini. Kaa utulie.

Utaona ni yale yale ya babu na waya wake juu ya mti: badilisha kituo, badilisha programu, badilisha mtandao, badilisha mahali, kimoja kwa wakati mmoja.

KWA NINI HILI LINANIHUSU

Mwaka 1973 nchi hii ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Sisi wa ualimu tunaisoma darasani. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi vya redio kuhusu malaria, kichocho, kuhara na mengine, wakajadili, wakaamua, wakachimba vyoo. Kabla yake kulikuwa na kampeni ndogo, Uchaguzi ni Wako ya 1970 na Wakati wa Furaha ya 1971. Baada yake ikaja Chakula ni Uhai, 1975.

Huwa tunaisifia kampeni ile kwa sababu ya redio. Mimi nikiitazama kwa jicho la kukatika, naona kingine. Kila kikundi kilikuwa na kitabu chenye somo la wiki, na kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Redio iliita watu na kuwapa hamasa, lakini somo halikukaa ndani ya redio peke yake. Mawimbi yakififia, betri ikifa, kitabu kipo, mtu yupo, mjadala unaendelea. Waliopanga walijua nchi yao. Hawakujifanya kwamba sauti itafika kila mahali kila mara.

Sisi leo tunajifanya. Machi 2020 shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yakapelekwa redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Tangu hapo kila semina ya elimu lazima mtu asimame aseme redio ya mtandaoni itafundisha vijiji. Sawa, lakini mwanafunzi wa kidato cha pili akipotewa na sekunde 40 katikati ya maelezo ya osmosisi, hajakosa burudani. Amekosa ngazi, na ngazi inayofuata hataifikia. Hatamwambia mtu. Ataona yeye ndiye mzito.

Kwa hiyo tukienda kwenye mazoezi ya kufundisha, mimi msimamo wangu ni huu. Kipindi kipakuliwe kabla, kisipigwe moja kwa moja. Kiwe chepesi, kilobiti 32 zinatosha kwa sauti ya mwalimu. Kiambatane na karatasi moja yenye mambo makuu. Na awepo mtu darasani anayeweza kuendelea pale sauti inapoishia. Hiyo ya mwisho haina programu, ni sisi.

"Moja kwa moja" ni tamu kwa mpira. Kwa somo, afadhali lichelewe lakini lifike lote.

Kwa leo naishia hapa, nina assignment ya saikolojia inanisubiri na umeme huu siuamini. Mwenye mbinu nyingine ya redio kutokukwama aiandike hapa chini, na aliyekuwa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya, au mwenye bibi au babu aliyekuwamo, tafadhali amuulize kisha atuletee. Hizo simulizi hazimo kwenye seva yoyote.

Tuko pamoja. Alamsiki.